TUNACHANGIA UPASUAJI, TUCHANGIE NA CHAKULA: Lishe ya mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya siku moja ya wahudumu wa afya wa sharika, wainjilisti na viongozi wa jumuiya. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



 Mmezoea kutuona ofisi ya miradi tukija na habari za mbuzi wa maziwa, visima na VIKOBA. Leo tumekuja na habari za utumbo. Msishangae. Kuku, maziwa na bustani za mboga tulizohangaika nazo miaka yote hii zina kazi nyingine ambayo hatujazipa, nayo ni kumsimamisha tena mgonjwa aliyetoka kwenye kisu.

Jambo tunalotaka mwondoke nalo ni moja. Upasuaji wa saratani ya utumbo mpana hauanzi mgonjwa anapoingizwa chumba cha upasuaji, wala hauishi mshono unapofungwa. Unaanza nyumbani, kwenye sahani, wiki kadhaa kabla, na unaendelea kwenye sahani hiyo hiyo miezi kadhaa baadaye. Daktari ana sehemu yake na sisi tuna yetu. Sehemu yetu ndiyo tumeiacha wazi.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi, na kutunza mabaki mpaka wakati wa kwenda haja. Chakula chenyewe, yaani protini, mafuta, wanga na vitamini nyingi, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, ambao una urefu wa mita kama 6. Tunaomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo jibu la kuwapa wale wanaosema, "Huyu amekatwa utumbo, hawezi tena chakula cha watu." Aliyeondolewa kipande cha utumbo mpana bado ana utumbo wake wa kujengea mwili. Anaweza kula, na anapaswa kula.

Wengi bado tunauona ugonjwa huu kuwa wa watu wa Ulaya. Takwimu za dunia za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba watu takriban milioni 1.9 waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka huo, na takriban 900,000 walifariki kwa ajili yake. Wagonjwa wanaopelekwa KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Ocean Road Dar es Salaam ni watu wa sharika zetu, tunaowafahamu kwa majina.

Dalili zake ni damu kwenye choo, choo kubadilika (mara kufunga, mara kuhara) kwa wiki nyingi, tumbo kujaa na kunyonga, upungufu wa damu usioeleweka na kupungua uzito bila sababu. Ubaya ni kwamba dalili hizi zinafanana na za magonjwa tuliyoyazoea. Mtu anaanza na dawa za minyoo, anakwenda kwenye amiba, anatibiwa taifodi, kisha anaambiwa ni bawasiri. Miezi inapita. Anapofika kwa daktari wa upasuaji, suruali inashikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu mapya.

Uzito unaopotea kabla ya kisu

Mkanda huo uliotobolewa ni kipimo, na madaktari wamejua uzito wake kwa muda mrefu. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji Hiram Studley, wa mji wa Cleveland huko Marekani, aliandika habari za wagonjwa wake waliopasuliwa kwa vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, mmoja katika kila watatu alikufa. Waliopoteza kidogo kuliko hapo, walikufa kama 3 au 4 tu katika kila 100. Upasuaji ulikuwa wa aina moja. Kilichowatofautisha ni hali ya mwili waliyoingia nayo.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Basi mwaka 2023 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wagonjwa 5,709 waliopasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana au ya tumbo, katika hospitali 381 za nchi 75. Mmoja katika kila watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini cha kati, kundi ambalo nchi yetu imo, walikuwa zaidi ya 6 katika kila 10. Na wenye utapiamlo mkali walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, katika nchi tajiri na maskini pia, ila kwa maskini hatari hiyo iliongezeka sana.

Wapendwa, tutazame maana yake. Familia imeuza ng'ombe. Jumuiya imepitisha bahasha. Vijana wamechangia damu. Daktari amefanya kazi yake vizuri. Halafu mgonjwa anatupotea siku ya kumi kwa sababu mwili haukuwa na kitu cha kufungia kidonda. Hasara ya namna hiyo inauma kuliko nyingine, kwa sababu sehemu yake ingeweza kuzuiwa kwa mayai na maziwa.

Kwa nini mwili uliopasuliwa unadai chakula

Daktari anapoondoa kipande chenye saratani, huunganisha ncha mbili za utumbo zilizobaki. Kiungo hicho kinatakiwa kishikane na kuota nyama mpya huku choo na hewa vikianza tena kupita humo. Nyama mpya hujengwa kwa protini. Kama protini haimo kwenye chakula, mwili huichukua mahali pengine, na mahali penyewe ni misuli: ya mapaja, ya mikono, hata ile inayosaidia kupumua na kukohoa. Ndiyo maana mgonjwa aliyedhoofu hashindwi tu kuponya kidonda. Anashindwa pia kukohoa makohozi, anapata nimonia, anashindwa kuinuka kitandani, anapata vidonda vya mgongoni. Kinga nayo inahitaji protini, kwa hiyo usaha kwenye mshono haukawii kuja.

Kiungo kisiposhika, huvuja. Choo huingia tumboni, na hapo mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji akiwa katika hali mbaya zaidi. Si kila kiungo kinachovuja kimevuja kwa ajili ya njaa, ziko sababu nyingine. Lakini njaa ni mojawapo ya sababu ambazo jirani asiyesomea udaktari anaweza kuziondoa.

Tumpime vipi?

Hatuhitaji mashine. Tunahitaji mambo matatu.

Kwanza, mizani ya kawaida na daftari. Muulizeni mgonjwa, au mke wake, uzito wake wa miezi sita iliyopita. Wengi wanao kwenye cheti cha kliniki. Aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 57 amepoteza asilimia 5, na hiyo ni taa ya njano. Akishuka hadi 54 amepoteza asilimia 10, na hiyo ni taa nyekundu.

Pili, utepe wa kupimia mkono, kwa wasio na kumbukumbu ya uzito. Mzunguko wa mkono juu ya kiwiko ukiwa chini ya sentimita 23 na nusu kwa mtu mzima, ni dalili kwamba uzito wake ni mdogo kuliko unaotakiwa kwa urefu wake.

Tatu, swali moja: "Sahani yako unaimaliza?" Anayekula nusu ya alichozoea kwa zaidi ya wiki moja yuko hatarini, hata kama bado anaonekana mnene. Tuwe waangalifu hapo. Mtu mwenye kitambi anaweza kuwa amepoteza misuli mingi chini ya mafuta, na miguu iliyojaa maji inaweza kuidanganya mizani.

Kabla ya upasuaji

Mara nyingi kuna wiki mbili, tatu au zaidi kati ya siku ya kuambiwa na siku ya kupasuliwa. Majibu ya vipimo yanasubiriwa, fedha zinatafutwa, foleni ni ndefu. Tumezoea kuziita wiki za kusubiri. Tunapendekeza tuziite wiki za kulisha. Mwongozo wa ESPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Ulaya, unasema kwamba mgonjwa aliyedhoofu sana alishwe kwanza kwa siku 7 hadi 14, hata kama upasuaji wa saratani utasogezwa mbele kidogo. Uamuzi wa kusogeza ni wa daktari. Kulisha ni kwetu.

Kiasi gani? Kwa mgonjwa wa upasuaji hesabu ni nishati ya kilokalori 25 hadi 30, na protini gramu 1.5, kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Yule wa kilo 54 anahitaji gramu kama 81 za protini. Namba hiyo inatisha mpaka uipeleke jikoni:

- Asubuhi: uji uliopikwa kwa kikombe kimoja cha maziwa na kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, gramu kama 12. Mayai mawili, gramu 12.
- Mchana: ugali, gramu kama 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva vizuri, gramu 15. Konzi ya dagaa wakavu waliosafishwa, gramu kama 12.
- Jioni: mtori wenye nyama iliyopondwa ya kutosha kujaza kiganja, gramu kama 20.
- Kabla ya kulala: kikombe cha maziwa au mtindi, gramu 8.

Jumla ni gramu 85, na hakuna hata kimoja kilichotoka dukani mjini. Mgonjwa asiyeweza kula kingi kwa mkupuo apewe kidogo kidogo mara sita kwa siku. Kijiko cha mafuta ya kula au siagi kwenye uji na mboga huongeza nishati bila kujaza tumbo.

Upungufu wa damu nao utazamwe, kwa sababu uvimbe hutoka damu kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mgonjwa akipewa vidonge vya madini ya chuma avimeze, na asishtuke choo kikiwa cheusi. Chai asiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini hayo kufyonzwa. Ainywe saa moja au mbili baadaye. Chungwa au papai pamoja na chakula husaidia.

Tahadhari tatu. Mgonjwa ambaye tumbo limejaa, anatapika na hapati choo wala hewa, asilazimishwe chakula. Huenda utumbo umeziba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mgonjwa ambaye kwa siku tano au zaidi hajala karibu chochote, asijaziwe chakula kingi ghafla. Mwili uliokaa na njaa ukipewa kingi kwa mara moja, madini katika damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Huyo aanze polepole chini ya uangalizi wa hospitali. Na mwenye kisukari au ugonjwa wa figo afuate kipimo cha daktari wake.

Siku za wodini

Zamani desturi ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula na maji tangu usiku wa manane, na baada ya upasuaji kumweka kwa dripu tupu kwa siku kadhaa mpaka atoe hewa. Katika miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet na wenzake huko Denmark walilitazama jambo hili upya. Waliwapa wagonjwa wa utumbo mpana chakula mapema, wakawaondolea maumivu vizuri na kuwatembeza mapema. Wengi waliruhusiwa baada ya siku 2 au 3, mahali ambapo zamani walikaa wiki nzima au zaidi. Tangu hapo miongozo mingi duniani imefuata njia hiyo: wagonjwa wengi wanaruhusiwa chakula kigumu hadi saa 6 kabla ya nusukaputi na maji hadi saa 2 kabla, na wanaanza kunywa na kula ndani ya siku moja baada ya upasuaji.

Hatusemi hivi ili ndugu wabishane na wauguzi. Daktari wa mgonjwa ndiye anayejua alichokikuta tumboni, na akisema "bado", ni bado. Tunasema ili tujue maswali ya kuuliza kwa heshima: "Dada, mgonjwa wetu anaruhusiwa kunywa mpaka saa ngapi?" "Daktari, anaanza lini kula, na aanze na nini?" Na swali lililo muhimu kuliko yote, upasuaji unapoahirishwa jioni baada ya mgonjwa kushinda na njaa: "Je, tumpe chakula sasa, na kesho aanze kufunga saa ngapi?" Mgonjwa anayeahirishwa mara mbili bila mtu kuuliza swali hilo ameshinda na njaa siku mbili, naye alikuja akiwa amedhoofu.

Katika wodi zetu nyingi chakula cha mgonjwa ni kile kinachoingia kwenye hotipoti saa ya kuona wagonjwa. Kwa hiyo anayebeba hotipoti ni sehemu ya timu ya upasuaji. Akibeba chai ya rangi na mkate mkavu, ametumwa bila silaha. Soda na biskuti tunazopanga kwenye kabati la mgonjwa ni ishara ya upendo, lakini haziungi utumbo. Mayai ya kuchemsha, supu yenye nyama yenyewe ndani, maziwa, mtindi, uji wa karanga: hivyo ndivyo vya kubeba.

Na mgonjwa atembee. Misuli hujengwa na chakula pamoja na kutumika. Aketi kitini kula, na ahesabu hatua kila siku, akisharuhusiwa.

Baada ya kurudi nyumbani

Huku kwetu mama akijifungua hatumpi uji mweupe tukaishia hapo. Tunampikia mtori, tunamchinjia mbuzi, tunamkamulia maziwa, na hatumruhusu kushika jembe. Babu zetu walijua kwamba aliyemwaga damu anarudishiwa nguvu kwa chakula. Lakini baba au bibi akitoka kwenye upasuaji wa utumbo, hekima hiyo tunaisahau. Tunasema, "Tumbo lake bado bichi, mpeni uji mwepesi." Wiki inapita, wiki mbili, na uji ni ule ule. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, maana yake usisubiri akuombe, mletee. Sisi tunaongeza: mletee, lakini utazame ndani ya huo uji kuna nini.

Ni kweli kwamba katika wiki za kwanza chakula kiwe laini na nyuzinyuzi zipunguzwe. Wali, ndizi zilizoiva kwa moto, viazi vilivyopondwa, mayai, samaki, nyama ya kusaga, maziwa na maharage yaliyochujwa maganda ni salama kwa wengi. Makande, mahindi ya kuchoma, karanga nzima na maembe ya nyuzi vingoje mpaka daktari aseme. Chakula laini hakina maana ya chakula chepesi. Mtori ni laini, na mtori una nyama.

Apimwe uzito kila wiki na uandikwe kwenye daftari. Akipungua wiki mbili mfululizo, apelekwe kliniki. Na mkiona homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba, kutapika au usaha kwenye mshono, msingoje tarehe ya kliniki.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha kupona. Wagonjwa wengi wanahitaji dawa za saratani za dripu baada ya upasuaji, ambazo kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na ya 8. Anayefika kliniki akiwa mifupa mitupu huambiwa arudi akishapata nguvu, na siku hizo za kurudi zinaweza kumpa ugonjwa nafasi.

Wenye mfuko wa choo tumboni

Baadhi ya wagonjwa hutoka hospitali wakiwa wametengenezewa tundu la choo kwenye ukuta wa tumbo, kwa muda au moja kwa moja, na choo huingia kwenye mfuko. Hawa wanahitaji maneno ya pekee. Wengi wao hula kidogo kwa makusudi ili mfuko usijae. Wanaogopa harufu, wanaogopa kanisani, wanaogopa daladala. Wanaweza kujinyima asubuhi nzima ya Jumapili ili wakae ibadani kwa amani, na wengine wameacha kuja kabisa. Ukimuuliza atasema, "Sina hamu ya kula." Hamu anayo. Anachokosa ni usiri na mahali pa kumwagia mfuko.

Usharika unaweza kumpa vyote viwili: choo safi chenye mlango unaofungwa na maji, kiti cha karibu na mlango, na watu wasiogeuka kumtazama. Hilo nalo ni suala la lishe.

Kama tundu limetoka kwenye utumbo mwembamba, maji na chumvi nyingi hupotea. Kutoka kati ya nusu lita na lita moja kwa siku ni kawaida. Ikizidi lita moja na nusu, mkojo ukawa mdogo na mweusi, kichwa kikazunguka, apewe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yale ya watoto wanaohara, na apelekwe hospitali. Maji matupu mengi hayamsaidii.

Maneno yanayowanyima wagonjwa chakula

Neno la kwanza: "Ukila, unaulisha uvimbe." Saratani hujitwalia kutoka kwenye mwili wa mgonjwa hata asipokula. Ukimnyima chakula, wa kwanza kufa njaa ni mgonjwa.

Neno la pili: "Aache nyama, mayai na maziwa, anywe majani ya mstafeli na juisi tu." Ni kweli kwamba kula nyama nyekundu nyingi kwa miaka huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Lakini aliyekwisha kuupata, akiwa anasubiri kisu au ana mshono mbichi, haponi kwa majani. Anayeamua kunywa dawa za miti shamba amwambie daktari, kwa sababu nyingine hugongana na dawa za hospitali.

Neno la tatu linatuhusu sisi hasa: "Mgonjwa afunge na kuomba." Kufunga ni jambo jema, na hatuji hapa kulipunguza. Lakini tukumbuke Eliya alipolala chini ya mretemu akitaka kufa. Malaika alimwamsha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amemletea mkate na maji, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Na binti Yairo alipofufuliwa, Bwana wetu mwenyewe aliagiza apewe chakula. Basi anayesubiri upasuaji asifunge. Sisi wenye afya tufunge kwa niaba yake, na kile ambacho hatukukila tukipeleke nyumbani kwake.

Nini kifanyike?

Tunapendekeza kila usharika uanze na mambo haya matano, ambayo hayahitaji kusubiri mfadhili:

1. Mizani moja na daftari moja la wagonjwa, vikae kwa mhudumu wa afya wa usharika.
2. Kila tunapochangia upasuaji, sehemu ya mchango itengwe kwa ajili ya chakula cha wiki mbili kabla na wiki sita baada. Ikiandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo haitasahaulika.
3. Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, mayai, maziwa na kuku wanaonunuliwa wapewe wagonjwa wa upasuaji kwanza. Anayenunua anatoa sadaka mara mbili.
4. Jumuiya ipange zamu ya kupika na kubeba hotipoti. Zamu hii ni ya lazima hasa pale mgonjwa ni mama wa nyumba. Tunalisema wazi: katika nyumba nyingi mama ndiye anayepika, ndiye anayekula mwisho, na yai ni la baba na la mgeni. Mama huyo akiugua, hakuna wa kumpikia, na yeye mwenyewe hawezi kujiombea yai. Wanaume wa jumuiya, zamu hii ni yenu pia.
5. Wanaomtembelea mgonjwa waulize jambo moja kabla ya kuomba: "Leo umekula nini?" Kisha waangalie jikoni kama jibu ni la kweli.

Kama iko hospitali yenye afisa lishe karibu nanyi, mwalikeni aje awafundishe upishi wa vyakula hivi kwa mifano. Ofisi yetu iko tayari kusaidia kupanga.

Kwa kumalizia

Wapo wagonjwa ambao hawatapona hata tukiwalisha vizuri. Ugonjwa huu ni mgumu, na wengi wanaufikia matibabu wakiwa wamechelewa. Kwa hao pia chakula kizuri kidogo wanachokitamani ni heshima, na wasilazimishwe zaidi ya hapo. Lakini wapo wengi ambao daktari amewafanyia kazi yake na saratani imetoka, na kilichobaki kati yao na shamba lao, na wajukuu wao, na kiti chao kanisani, ni wiki chache za kula vizuri. Hao wako mikononi mwetu.

Tunajua sharika zetu si tajiri. Lakini hatujaona usharika usio na kuku, wala jumuiya isiyo na mtu anayejua kupika mtori. Mkirudi nyumbani jioni hii, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja anayesubiri kupasuliwa au aliyerudi karibuni kutoka hospitali. Kesho mpelekeeni mizani, na mpelekeeni mayai.